Bei ya Mdomoni na Bei ya Hati

Kwa miaka mingi, aliyemtafuta Nurettin katika soko la Kemeraltı alimkuta dukani kwa Vahit, na aliyemtaka Vahit alimkuta kwa Nurettin. Maduka yao yalitazamana, na uchochoro uliokuwa katikati ulikuwa mwembamba kiasi kwamba mmoja akipiga chafya, mwenzake alimwombea umri mrefu bila hata kupaza sauti. Nurettin aliuza vifungo, zipu, nyuzi na lesi. Vahit alishona mifarishi ya pamba, kazi ya baba yake. Watu wa siku hizi walikuwa wanajinunulia mifarishi ya kiwandani iliyofungwa kwenye nailoni, lakini bado walikuwapo akina mama ambao hawangekubali binti aolewe bila mfarishi uliopita chini ya sindano ya Vahit. Pamba ilimganda kwenye nyusi toka asubuhi hadi jioni, na Nurettin hakuchoka kumtania: "Babu Vahit, theluji imeanza kwako mapema mwaka huu."

Chai yao ililetwa kwenye sinia moja. Kazi ikilala walicheza dadu, na aliyeshindwa alilipa istikani zote za siku ile. Walikuwa wamezikana wazazi, wamechezeana harusini, na hawakuwahi kuandikiana kitu. Walipokopeshana, walikopeshana kwa mdomo.

Mwaka ambao mama yake Nurettin alifariki, nyonga ya Perihan, mke wa Vahit, ilikuwa imeharibika vibaya. Walikuwa wamepanga ghorofa ya nne kwenye jengo lisilo na lifti, na Perihan alikuwa ameanza kushuka ngazi kwa makalio, kama mtoto anayejifunza kutambaa. Alimkataza mumewe asimwambie mtu. Vahit alimwambia Nurettin siku hiyohiyo.

Nurettin naye alikuwa na lake. Binti yake Nihal alikuwa amechumbiwa, na watu wa upande wa pili walishatamka, kwa adabu lakini bila kumung'unya maneno, kwamba vijana hawawezi kuanza maisha kwenye nyumba ya kupanga. Nyumba ya mama kule Eşrefpaşa, mlimani, ilikuwa imefungwa. Mama alikuwa amewaachia watoto wawili, nusu kwa nusu: Nurettin, na dada yake mkubwa Müzeyyen, muuguzi mstaafu aliyekuwa akiishi Aydın. Nyumba yenyewe haikuwa ya kujivunia, vyumba vitatu na paa linalovuja, lakini ilikuwa chini, haina ngazi hata moja, na ilikuwa na ua wenye mforosadi na bomba la maji.

"Vahit," Nurettin alisema siku moja, "nyumba ya mama unaijua."

"Naijua? Mimi nimekula pale kuliko nilivyokula kwetu."

"Basi inunue."

Vahit aliiacha sindano ikining'inia. "Nusu ni yako. Ya dada yako je?"

"Dada atauza. Ana kwake Aydın, ana kuku wake, ana majirani zake, aje afanye nini huku? Anangoja tu mwaka wa mama upite. Wewe nunua yangu sasa, mhamie, shemeji apumzike na zile ngazi. Ya dada tutaimaliza mbeleni."

"Umeongea naye?"

"Dada yangu namjua mwenyewe, bwana."

Ukweli ni kwamba hakuwa ameongea naye. Alikuwa amenuia. Mara kadhaa alimpigia simu kwa nia hiyohiyo, akamsikia akikohoa kile kikohozi chake kikavu, akamwuliza habari za kuku, akamwuliza habari za mvua, akamuaga. Müzeyyen ndiye aliyemuuguza mama yao miaka ya mwisho. Aliacha nyumba yake, akaja kumgeuza mgonjwa ubavu huu na ubavu huu, wakati Nurettin akifika Jumapili na mfuko wa machungwa. Kumwambia mtu kama huyo kwamba unataka kuuza kulihitaji siku yake, na siku hiyo Nurettin hakuiona. Alijiambia kwamba jambo likishakuwa, dada atalikubali, maana hakuwahi kumkatalia kitu tangu utotoni.

Mauziano yaliendeshwa na dalali mmoja wa mlimani, Cevat, mtu wa maneno mengi na viatu vinavyong'aa. Walikaa dukani kwa Vahit, juu ya marobota ya pamba. Bei walikuwa wamekwisha kukubaliana, lira laki moja na ishirini elfu kwa ile nusu, na hakuna aliyemkandamiza mwenzake.

"Sasa," Cevat alisema, akikoroga chai, "kwenye hati tuandike ngapi?"

"Si hiyohiyo?" Vahit aliuliza.

Dalali alimtazama Nurettin, wakacheka pamoja. "Fundi Vahit, wewe umeishi wapi? Nyumba za mji huu zina bei mbili, kama mtoto mwenye jina la nyumbani na jina la shule. Bei ya mdomoni mnalipana nyinyi. Bei ya hati mnaionyesha serikali, na kodi ya kuhamisha hati inakatwa kwenye hiyo. Mimi nikipeleka bei ya kweli pale ofisini, watanipima homa."

"Mimi sijawahi kununua nyumba," Vahit alisema. "Naona tuandike tu ilivyo, yaishe."

Na hapo ndipo Nurettin aliposema maneno ambayo baadaye angetoa kidole ayarudishe. Alimpiga mwenzake bega. "Ndugu yangu, unataka kuijengea serikali daraja peke yako? Nusu ya kodi ninalipa mimi, au umesahau? Usinikamue na mimi. Kila mtu anafanya hivyo. Andika elfu arobaini, Cevat."

Alisema akicheka, lakini hesabu alikuwa amekwisha kuipiga kichwani. Kile ambacho kila mmoja wao angeokoa hakikuzidi bei ya friji nzuri.

Vahit aliondoa pamba kwenye nyusi, polepole. "Wewe ukisema, basi," alijibu.

Siku ya kwenda ofisi ya hati, Vahit alizibeba pesa ndani ya foronya aliyoishona mwenyewe, akaifunga mdomo kwa uzi. Walikabidhiana mgahawani, wakala mkate wa ufuta, kisha wakaingia. Yule bibi wa dirishani aliisoma hati kwa sauti, mpaka kwenye bei. Akamwuliza Nurettin, "Umepokea?"

"Nimepokea."

"Kiasi hiki?"

"Kiasi hikihiki."

Halikumtoka hata tone la jasho. Vahit alipoulizwa, alimgeukia Nurettin kwanza, kama mtoto anayemwangalia mzazi kabla ya kupokea peremende ya mgeni, ndipo akasema ndiyo, akatia sahihi.

Baada ya hapo zilifuata siku njema, na Nurettin alizikumbuka zaidi kuliko zile mbaya. Nihal alinunuliwa nyumba mpya upande wa Buca, na huko nako mkandarasi alikuwa na bei zake mbili. Vahit na Perihan walihamia Eşrefpaşa. Vahit alipanda juu ya paa kila alipofunga duka, akabadilisha vigae vilivyopasuka kimoja kimoja, akang'oa kufuli lililokuwa likikwama akaweka jipya. Perihan alipaka kuta chokaa akiwa amekaa kwenye kiti, akakisogeza kiti na kupaka, akasogeza na kupaka, mpaka akauzunguka ua mzima. Alipanda maua mekundu kwenye makopo ya mafuta ya zeituni. Nurettin alipowatembelea, alimkuta akitembea uani bila fimbo.

"Kaka Nurettin," alimwambia, "Mungu akupe kile unachokitaka. Nimekwisha kusahau kama ulimwengu una ngazi."

Nurettin alirudi kwake siku hiyo akijiona mtu aliyetenda wema.

Mwaka wa mama ulipotimia, Müzeyyen alikuja na basi kutoka Aydın bila kumwarifu mtu. Alikuwa amebeba semolina na siagi, akakusudia kupika halua ya marehemu kwenye jiko la marehemu, kisha awagawie majirani. Aliingiza ufunguo mlangoni, haukuingia. Akajaribu tena. Ndani, Perihan alisikia ule mkwaruzo akafungua, na alipomtambua alimkumbatia kwa furaha.

"Dada Müzeyyen! Karibu, karibu! Tulikuwa tunakungoja. Kaka Nurettin alisema utakuja kutuuzia nusu yako."

Perihan ndiye aliyemsimulia Nurettin baadaye yaliyofuata. Müzeyyen aliangalia kuta, akaangalia makopo ya maua, akakaa kwenye kizingiti na mfuko wa semolina mapajani kama abiria aliyeambiwa basi limeshaondoka. Kisha akainuka, akateremka mpaka sokoni kwa miguu.

Nurettin alikuwa akimpimia mteja lesi alipomwona mlangoni.

"Umeuza?" Müzeyyen aliuliza.

"Dada! Kaa kwanza, unywe chai."

"Sikuja kunywa chai, Nuri. Umeuza?"

Mteja aliiacha lesi akatoka. Nurettin alisema, "Nusu yangu tu, dada. Yako sijaigusa."

"Nusu yako ni ipi pale? Jiko? Bomba? Kile chumba alichofia mama? Hebu nionyeshe mpaka ulikopita, maana mimi nimeipiga deki nyumba ile miaka yote na sijauona."

"Nilikuwa nataka kukwambia. Nihal alikuwa anaolewa, mambo yakaenda mbio..."

"Simu ilikuwa inafanya kazi. Mbona habari za kuku wangu uliuliza?" Sauti yake ilikuwa ya chini, na hilo ndilo lililomtisha Nurettin. "Mimi sikukulalamikia hata siku moja. Ulikuja na machungwa yako, nikayamenya, nikamlisha mama, nikamwambia ameleta mwanao. Na leo naambiwa na mke wa watu mlangoni kwetu kwamba nimekuja kuuza."

Vahit alikuwa ameshavuka uchochoro, sindano bado mkononi. "Dada Müzeyyen," alisema, "mimi niliambiwa unajua."

Müzeyyen alimgeukia. Hakumtazama kwa chuki. "Nusu ya nyumba ile ni yangu, Vahit. Ulitakiwa kuniuliza mimi, siyo yeye."

Akaondoka. Chai ilipoletwa, hakuna aliyeigusa. Vahit hakusema neno la lawama. Aliuliza tu, "Hukumwambia?" na Nurettin alipoinamisha kichwa, alirudi dukani kwake akaendelea kushona.

Haukupita mwezi, Vahit akaletewa karatasi za mahakama. Alimpelekea Nurettin amsomee, kwa sababu miwani yake ilikuwa haimtoshi tena. Müzeyyen alikuwa amekwenda kwa wakili, na wakili alikuwa amemkumbusha haki ambayo hata babu zao waliijua, ile ya shufaa: mwenye sehemu katika nyumba akiuza kwa mtu wa nje, mshirika wake ana haki ya kumtangulia mnunuzi huyo, amrudishie pesa yake, achukue sehemu yeye. Nurettin alisoma mpaka mwisho, akashusha pumzi.

"Basi si vibaya hivyo," alisema. "Inaumiza, lakini pesa yako utarudishiwa. Tutakutafutia nyumba nyingine."

"Pesa ipi?" Vahit aliuliza.

Nurettin aliirudia ile karatasi. Akasoma tena mstari wa chini. Palikuwa pameandikwa bei iliyotajwa kwenye hati. Elfu arobaini. Aliusoma mara ya tatu, kwa sauti ndogo, na alipoinua macho alimwona Vahit ameshaelewa, ameshika ukingo wa meza ya vifungo kwa mikono miwili.

Nurettin alijitolea kuwa shahidi. Wakili wa Vahit alimwambia haitasaidia, lakini alishikilia, kwa sababu alihitaji kufanya kitu. Siku ya kesi alivaa suti yake ya harusi ya Nihal. Hakimu alikuwa mwanamke mwenye mafua, akijifuta pua kila baada ya maneno machache.

"Hati hii uliitia sahihi wewe?"

"Ndiyo, mheshimiwa. Lakini bei ya kweli ilikuwa laki na ishirini. Ile tuliiandika kwa ajili ya kodi. Kila mtu..."

"Sijakuuliza kila mtu. Pale ofisini uliulizwa kama umepokea elfu arobaini, ukasema ndiyo. Leo unasema laki na ishirini. Ulikuwa unasema uongo siku ile au unasema uongo leo?"

"Siku ile, mheshimiwa."

"Na mnunuzi alijua?"

Nurettin alimtazama Vahit. Alitamani aseme hakujua, na angesema, ila sahihi ya Vahit ilikuwapo pale chini ya yake. "Alijua. Lakini ni mimi niliyemwambia."

Hakimu aliandika. Alieleza kwa maneno mepesi, kama anayemweleza mtoto, kwamba mtu hawezi kuidanganya hazina kwa karatasi, kisha akaja kuiomba mahakama imwokoe na karatasi hiyohiyo. Müzeyyen aliweka mahakamani elfu arobaini pamoja na kodi iliyolipwa, na nusu ya Vahit ikawa yake. Vahit aliongezewa kidogo kwa ajili ya vigae vya paa. Chokaa haikuhesabiwa. Baadaye ofisi ya kodi nayo iliwaandikia wote wawili, kila mmoja na faini yake, na faini ile ilimeza ile friji yote.

Nje, kwenye korido, Nurettin alimzuia dada yake. "Dada, umemnyang'anya mtu elfu themanini. Vahit! Aliyelibeba jeneza la mama!"

"Mimi nimelipa ulichoandika, Nuri," Müzeyyen alijibu. Macho yalikuwa mekundu. "Elfu themanini zake sinazo mimi. Unazo wewe. Mrudishie."

"Na ningekuuliza? Ungekubali kuuza?"

"Sijui. Pengine ningekataa, pengine ningewahurumia. Hukunipa nafasi ya kujua."

Habari ilipanda mlimani upesi kuliko waliohusika. Kwa muda mrefu Cevat dalali hakufanya biashara ya maana, maana nyumba nyingi za Eşrefpaşa ni za urithi, za ndugu watatu, watano, tisa, na sasa kila mnunuzi aliuliza kwanza idadi ya ndugu. Akisikia hata wawili, aliaga. Ukimwambia aandike bei ya kweli, muuzaji aliruka, kwamba kodi itamla. Ukimwambia aandike ya uongo, mnunuzi aliruka. Walikuwapo hata walioandika bei kubwa kuliko waliyolipana, ili ndugu aliye mbali asitamani, wakalipa kodi ya pesa ambayo haikuwahi kuonekana. Wengi hawakuuza kabisa. Vibao vya "Inauzwa" vilipauka kwenye madirisha, na watu walioshindwa kuhama waliendelea kubanana walipokuwa.

Müzeyyen alimtumia Perihan ujumbe kwamba wanaweza kubaki kama wapangaji, kodi ndogo, miaka wanayotaka. Perihan alijibu kwamba anashukuru, lakini hawezi kuwa mgeni kwenye kuta alizozipaka kwa mkono wake. Walihamia ghorofa ya tatu, karibu na stesheni ya Basmane. Makopo ya maua aliyaacha.

Vahit alingoja mpaka vyombo vyote vilipokwisha kuhamishwa, ndipo akavuka uchochoro. Alikaa kwenye stuli yake ya siku zote.

"Nurettin, ile tofauti," alisema. Ilimgharimu kusema, sikio lilikuwa jekundu. "Najua ulikwisha kuiweka kwenye nyumba ya mtoto. Sikuharakishi. Nataka tu kujua kama ipo."

"Ipo, ndugu yangu. Haki yako ipo. Nipe muda kidogo."

"Wewe ukisema, basi."

Na alikuwa nayo njia. Upande wa Urla alikuwa na shamba dogo la mizeituni alilolinunua ujanani. Jioni hiyo alimwambia mkewe, Şükran, kwamba ataliuza. Şükran aliweka kijiko chini.

"Kwani ulimshikia bunduki?" alisema. "Ana akili zake, alitia sahihi mwenyewe. Mahakama imesema unadaiwa?"

"Haikusema."

"Basi unataka kuwa mwema kuliko mahakama. Na uuze sasa, kodi ulipe, dalali umlipe, ubaki na nini? Ngoja bei zipande. Tukipata nzuri, mpe, mimi sikatai."

Lilikuwa shauri la busara, na Nurettin alilishika kwa mikono miwili kama mtu aliyerushiwa kamba. Akangoja. Alijiambia anangoja kwa faida ya Vahit. Vuno moja la zeituni likapita, na jingine. Uchochoroni walisalimiana kila asubuhi. Vahit hakununa, na angenuna ingekuwa afadhali. Kwanza waliacha kucheza dadu, kwa kuwa Vahit alikuwa na kazi. Kisha chai ikawa inaletwa kwenye sinia mbili. Halafu siku moja Nurettin aliinua macho akaona Vahit amegeuza kiti chake, anashona akiwa ameupa mlango mgongo. Alipoulizwa, alisema mwanga ni mzuri zaidi upande ule. Nurettin alipiga chafya, akajikuta anasikiliza. Hakusikia kitu.

Wakati wote huo bei za nyumba zilikuwa zinapaa. Lira ilikuwa inayeyuka mifukoni, na kila aliyekuwa nayo aliikimbiza kwenye matofali. Shamba la Urla nalo lilipanda, kama Şükran alivyotabiri. Katika majira ya joto ya nne tangu wauziane ile nusu, tajiri mmoja wa kutoka Istanbul alilitaka ajenge nyumba ya mapumziko, akatoa pesa ambayo Nurettin hakuiota. Alipoulizwa aandike ngapi kwenye hati, Nurettin alisema iandikwe yote, mpaka senti ya mwisho. Mnunuzi alimshangaa. Nurettin alitoka ofisini akijihisi mwepesi, akapita benki, akatoa elfu themanini, akaenda nazo Basmane siku hiyohiyo.

Alipanda ngazi. Zilikuwa nyembamba, zimelika katikati, na kufika ghorofa ya pili ilimbidi asimame ajishike ukutani. Vahit alifungua mlango akiwa na fulana. Alishangaa, kisha akamkaribisha, akamtayarishia chai mwenyewe. Perihan hakutoka chumbani. Kupitia mlango uliokuwa wazi kidogo Nurettin aliona ncha ya kitanda na fimbo imeegemezwa.

"Hajambo?" aliuliza.

"Hashuki tena," Vahit alisema. "Tangu baridi iliyopita."

Nurettin aliiweka bahasha mezani. "Haki yako. Nimechelewa, ndugu yangu. Nisamehe."

Vahit aliigusa, hakuifungua. "Ni ileile?"

"Ileile. Elfu themanini."

"Sawa. Asante." Akaisogeza pembeni, karibu na sukari. Kisha akasema, bila uchungu, kama anayezungumzia hali ya hewa, "Juzi tuliangalia kijumba kule Eşrefpaşa, nyuma ya ile hamamu. Vyumba viwili, ua hauna hata mti. Wanataka laki tano. Nikamwambia Perihan, basi limeshatuacha. Akanicheka."

Nurettin alikunywa chai yake. Aliuliza habari za dukani, ingawa alikuwa akiliona duka lile kila siku. Vahit alisema anafikiria kulifunga, mabega yamechoka, na binti yao wa Denizli anawaita, ana chumba cha chini. Nurettin alisema ni wazo zuri. Waliagana kwa kushikana mikono, jambo ambalo katika urafiki wao wote hawakuwahi kulifanya. Wao walikuwa watu wa kukumbatiana.

Alikuwa ameshafika barabarani, anangoja gari lipite avuke, ndipo hesabu ilipomjia. Elfu themanini za siku ile ya foronya zilikuwa sehemu kubwa ya nyumba yenye ua. Elfu themanini za leo zilikuwa mlango wake na madirisha. Shamba la Urla lilikuwa limempa mara nne ya hizo, na kilichobaki kilikuwa benki, kwa jina lake. Vahit alikuwa amejua. Ndiyo maana aliuliza ni ileile. Alikuwa amempa nafasi, kwa upole wake uleule, na Nurettin akamjibu kwa majivuno kwamba ni ileile.

Aligeuka akalitazama jengo. Alihesabu madirisha mpaka la tatu, pazia lilikuwa limefungwa. Alijiambia apande. Kisha akawaza namna atakavyomweleza Şükran, na namna atakavyosema pale mlangoni, na akaona ni bora arudi kesho, ajipange, asije akaonekana kama mtu wa kubabaika.

Kesho yake mteja mmoja alitaka vifungo vya sare za shule nzima. Kesho kutwa ilikuwa Ijumaa. Wiki ya pili Nurettin alifika sokoni akakuta duka la upande wa pili limefunguliwa milango yote, na vijana wawili wanafagia. Pamba ilikuwa ikielea hewani mpaka kwake, ikatua juu ya visanduku vya vifungo. Aliwauliza mwenyewe yuko wapi. Walisema mzee alihamia kwa mwanawe, Denizli, walikabidhiwa ufunguo tangu Jumamosi. Wao wataweka vifuniko vya simu.

Alipata namba ya Denizli kwa Cevat. Alimpigia Vahit siku ya Idi, wakatakiana heri, Vahit akamwuliza habari za Nihal na wajukuu. Nurettin alikuwa ameyaweka maneno tayari ulimini, kuhusu kiasi kilichobaki. Akamsikia Vahit akivuta pumzi upande wa pili, akingoja, na badala yake akamwuliza kama huko Denizli mvua imenyesha.

"Imenyesha," Vahit alisema. "Imenyesha vizuri."